Raba Nyeupe Sandukuni kwa Sindano

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, karibu na sanduku la fundi viatu tunayemwita Sindano. Mimi nauza kahawa hapo. Wazee hawa wawili wamenitunza: mmoja hunitwisha ndoo, mwingine huniachia kivuli. Ila tangu kocha wa mbio amchague binti yangu wa miaka kumi na mmoja, wananinunia kama wake wenza. Nisifiche, kuonewa wivu kulininogea.

— Mwanangu anamshinda, alisema Kinyozi, mashine ikinguruma kichwani mwa mteja. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

— Unasema mbio au mazishi? Sindano alimjibu. Tena binti wa mwenzio kapewa zawadi.

Akatoa sandukuni raba nyeupe, mpya.

— Kaniletea jana nizitanue. Kasema, "Babu, mama asijue. Kocha amesema ni siri yetu."

Sikuwahi kuziona. Wivu ukanishika na mimi. Siri za mwanangu zilikuwa zangu.

— Kocha anamtaka mama mtu, alisema Kinyozi. Anapitia kwa mtoto.

— Wewe unawaza kunyoa tu. Yule ana watu ng'ambo. Leo raba, kesho ndege, keshokutwa huyu anajengewa ghorofa, kahawa tunaagizia dirishani.

— Hata simu kampa, nimeiona. Ya kuitiwa timu ya taifa hiyo. Ndiyo maana siku hizi hachezi na wanangu. Aliyeko juu mngoje chini.

Simu? Niliacha kumimina kahawa.

Palikuwa na mama mgeni anangoja ndala yake ishonwe, mguu mmoja peku juu ya kipande cha boksi.

— Mwanangu, aliniita, zawadi za siri, simu ya siri, wenzake kaachana nao. Mazoezi anafanya na nani?

— Na wenzake. Jumamosi kocha humbakiza peke yake kidogo. Anasema ana kipaji.

— Leo Jumamosi. Na wale wanaopita pale?

Walikuwa wanariadha wenzake, wametota jasho, wanacheka. Binti yangu hakuwamo.

— Basi sasa hivi yuko wapi, na nani?

Sindano alimtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama chini.

Nilitua birika. Mashine ikazimwa, mteja akaachwa na kichwa nusu, Kinyozi akatangulia kukimbilia uwanjani. Sindano alinifuata na raba mkononi. Nyuma yetu, mguu mmoja peku, alikuja yule mama.