Sauti ya Albina Kwenye Diski ya Edith

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la kuchapa la Edith, hapa Sumbawanga, na Juni ile ya mwaka 2006 kahawa ilikuwa inapoa kabla haijafika mdomoni. Virusi vilikuwa vimeiangusha Windows ya Edith, fundi Isdori akamwekea mfumo mwingine wa kompyuta, Linux. Sehemu ya diski yenye mafaili ya Windows aliiacha kama ilivyo, maana humo ulikuwemo wimbo alioimba marehemu Albina, mke wa Mzee Theodory. Taabu ni kwamba umeme ukikatika na mashine ikawashwa upya, sehemu ile ilikuwa haionekani mpaka Isdori aitwe aandike amri zake. Na asubuhi hiyo Isdori alikuwa na begi mkononi, anahamia Kipili, kule chini ziwani.

Mzee Theodory alikuja kusikiliza wimbo, akaukosa, maana umeme ulikuwa umekatika usiku. Akakaa kwenye benchi, kikombe hakukigusa.

Malimi, tunayemwita Bwana Zizi kwa ng'ombe wake, akasema Linux imeumeza.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ndiyo Windows. Amepona?

Enock, Profesa wetu, akakataa. Kwa maelezo yake, tajiri wa Windows ana ufunguo huko Ulaya, na kukicha kwao anafunga.

— Haba na haba hujaza kibaba, akamalizia, kana kwamba ni ushahidi.

Mzee Theodory akauliza taratibu:

— Kwa hiyo amekufa tena?

Isdori akamweleza kuwa wimbo upo salama, mlango tu ndio unafungwa, naye huufungua kwa mkono.

Luciana, mama kutoka kijiji cha Kate aliyekuja kutoa kopi, alikuwa amesimama hapo anasikiliza.

— Shikamooni. Kwani haiwezi kujifungulia yenyewe ikiwashwa?

Bwana Zizi akamtazama Profesa, Profesa akatazama kahawa. Isdori akaliweka begi chini.

— Inaweza, mama. Ni kuongeza mstari mmoja tu kwenye faili. Ningeuandika tangu mwanzo, ila… nilizoea kuitwa hapa.

Akaingia, akauandika, akaizima mashine na kuiwasha. Sehemu ya Windows ikajitokeza yenyewe, na sauti ya Albina ikatufikia hadi nje. Mzee Theodory aliusikiliza wimbo wote amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Kisha akalichukua begi la Isdori, akamsindikiza mpaka stendi.

— Ukipanda huku, pita kijiweni, mwanangu, akamwambia. Hata kama hakuna kilichoharibika.