Jibu Kutoka Olamba

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu, na kama kuna mtu anapiga soga hapo uani mwambieni apumzike kidogo. Leo tunamkumbuka Mzee Nestor Okito. Nestor Okito, mpiga kengele wa misheni ya Kindu. Amezikwa juma hili ng'ambo, Alunguli, na mto ulikuwa kimya. Huo ukimya nitaurudia.

Nestor alizaliwa Olamba, kijiji kilichokuwa chini ya mto, maji yanakoelekea, upande wa msitu. Nasema kilichokuwa. Baba yake, Onema, alikuwa mpiga lokombe. Lokombe ni ngoma ya kupeleka habari, gogo lililochimbwa tumbo. Halina ngozi, halina msumari. Ni mti mtupu. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa: mti mtupu.

Wanasema Onema akipiga, kasuku wa ng'ambo walirudisha salamu, na wanawake waliokimbia ndoa walirudi wenyewe, tena na kuni kichwani. Toeni nusu ya habari hiyo, bado inabaki ngoma kubwa. Na kila mpigaji ana mkono wake. Onema alimalizia kila ujumbe kwa pigo zito, halafu pigo jepesi, kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kuingia.

Kisha malale, ule ugonjwa wa usingizi, yakaingia Olamba. Serikali ya Wabelgiji ikahamisha watu, ikachoma nyumba. Onema alikufa siku zilezile. Mikusanyiko ilikuwa marufuku, ngoma marufuku, na mzee akazikwa mbiombio. Hakupigiwa lokombe. Kwa watu wa Olamba, aliyekufa bila kupigiwa lokombe hajaondoka. Yuko njiani, anangoja jina lake.

Nestor alikuwa mtoto. Shangazi yake Philomène alimvusha hadi Alunguli, yeye na lokombe la baba yake. Alipokua akabatizwa, akapewa kamba ya kengele. Siku moja akamwomba Padri Ferdinand, padri wa misheni, amsomee baba yake misa.

"Alibatizwa?"

"Hapana, Padri."

"Basi."

Na lokombe, alilokuwa amekuja nalo misheni, likasukumwa stoo, chini ya mabenchi mabovu. Odile, binti wa marehemu, anatuambia: "Papa alikuwa anasema ile 'basi' ilikwama kwa koo yake sawa mwiba ya samaki. Alikuwa anapiga kengele ya kila mutu, lakini ya baba yake hapana."

Sasa tufike mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita. Amri ilikuwa imetoka Roma: Juma Kuu lipangwe upya. Ibada ya Ijumaa Kuu, iliyokuwa asubuhi tangu enzi za babu zao mapadri, ihamie saa tisa alasiri. Saa tisa, saa aliyokufa Bwana. Nzuri sana. Lakini nani atawaambia watu?

Kengele hazilii Ijumaa Kuu. Wazungu walisema zimekwenda Roma. Nestor alipanda mnarani kuhakikisha, akaikuta kengele palepale, inaning'inia pamoja na popo wake. Kulikuwa na kibao cha kugonga badala yake, ila sauti yake haikuwavuka mbuzi wa misheni. Watu wa Alunguli walikuja asubuhi kama zamani, wakakuta mlango umefungwa, wakarudi zao. Saa tisa ilipokaribia, kanisa lilikuwa tupu.

Padri Ferdinand akamwita Nestor. "Chuma kimekatazwa," akasema. "Mti haukukatazwa. Toa gogo lako."

"Nipige nini, Padri?"

"Waambie Yesu amekufa."

Hapo njo mambo yalianza. Lokombe halijui kusema mtu alikufa zamani, mbali, nchi ya Wayahudi. Lina mlio mmoja wa kifo, na mlio huo unasema leo. Nestor akakaa mlangoni pa kanisa, akapiga: Mwana wa Maria amekufa. Amekufa kijana. Amemwacha mama yake. Njooni.

Mto ukajaa mitumbwi. Alunguli nzima ilivuka, na mikeka, na majivu usoni, na kuku miguu juu. Shangazi Philomène alikuwa mbele, nywele amefumua, analia. Hata Masudi, Mwislamu, mwenye mtumbwi mkubwa, alishuka na kanzu yake.

"Masudi, na weye?" Nestor akamwuliza.

"Jirani amefiwa, mimi nibaki nyumbani kula muhogo?"

Philomène akamshika padri mikono miwili. "Pole sana, Padri. Maiti iko wapi?"

Padri akaonyesha msalaba uliofunikwa kitambaa cha zambarau.

"Bado iko juu? Na jua hii yote? Aa, mapadri! Mumushushe, mutoto wa watu!" Akatandika mkeka wake mbele ya altare.

Nestor alikuwa anacheka kwapani. Ndipo jibu likaja.

Kijiji kikisikia kifo hujibu. Ndiyo desturi. Lakini jibu hili lilitoka chini ya mto, na chini ya mto hapakuwa na kijiji. Palikuwa na Olamba tu, na katika majiko ya Olamba miti ilikuwa imeota mpaka kuzidi urefu wa mapaa yaliyochomwa. Ndege wakanyamaza. Lokombe likasema polepole: Nimesikia ya mwana wa Maria. Yangu lini?

Pigo zito. Pigo jepesi. Kama mtu anayekohoa mlangoni.

Philomène akakata kilio katikati. "Nestor," akanong'ona, "ule njo mukono wa kaka yangu."

"Nani anajibu?" padri akauliza.

"Papa yangu."

"Yuko wapi?"

"Alikufa, Padri. Njo ule wa 'basi'."

Padri Ferdinand akageuka, akaingia kanisani. Ibada ikaanza. Yakaja maombi makubwa, moja moja. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, kulikuwa na jambo jingine jipya. Zamani padri alisema *Flectamus genua*, tupige magoti, na papo hapo *Levate*, inukeni. Goti halikugusa chini. Amri mpya ilisema: wakishapiga magoti wakae kimya, kila mtu aombe moyoni, ndipo wainuke.

La mwisho ni ombi la kuwaombea wapagani, wasiobatizwa.

"*Flectamus genua.*"

Wakapiga magoti. Kimya. Na katika kimya kile, lokombe tena: Yangu lini? Safari hii si Olamba. Lililia pale gatini, kwenye mitumbwi.

Nestor alikuwa amepiga magoti mlangoni, gogo ubavuni. Akipiga jina la mpagani ndani ya ibada, kazi ya kengele inakwenda, labda na ubatizo wake pia. Asipopiga, baba yake anabaki njiani. Akamtazama padri. Padri alikuwa anatazama mlango, midomo imefungwa. *Levate* haikuja. Magoti yakauma. *Levate* haikuja.

Masudi, aliyebaki kizingitini, akamgusa bega. "Weye, muzee anangoja."

Nestor akapiga. Onema wa Olamba amekufa. Onema wa Olamba amekufa. Mwacheni apite. Philomène akatoa kilio alichokuwa amekimeza tangu malale.

Kutoka mtoni likaja pigo zito. Halafu, mbali, mbali sana, pigo jepesi. Kama mtu aliyefunga mlango nyuma yake.

"*Levate*," akasema padri.

Nestor alibaki na kamba yake ya kengele. Mwaka uliofuata padri alibeba lokombe mwenyewe mpaka mlangoni, na akamwambia Philomène asisahau mkeka. Msalaba unalazwa juu ya mkeka hadi leo.

Juma hili Odile alimpigia baba yake kwenye lokombe lilelile. Alipomaliza, watu wote waligeuka kutazama chini ya mto. Tulisikiliza. Hakuna kitu. Maji tu. Odile akafuta uso. "Haiko jibu," akasema. "Mungu asifiwe. Hakuna tena mwenye kungoja."

Kwa Odile, kwa watoto na wajukuu, kwa Wakristo na Waislamu wa Alunguli: poleni sana. Mzee Nestor apumzike.

Lakini ninyi mnaonisikiliza, labda yuko wenu aliyezikwa mbiombio. Labda mlisema "basi". Sasa tutanyamaza kidogo hewani. Taja jina lake. Na ukisikia mtu anakohoa mlangoni, usizime redio. Maliza jina kwanza.

Tupige magoti.

…

Inukeni.