Jino la Baba wa Bibi Harusi

Mtaniwia radhi, kisa hiki nitakiharibu. Kina damu kidogo na ubishi mwingi, na aliyekijua vizuri kuliko wote hakuweza kufungua mdomo. Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda cha fundi viatu, ambaye wenzake wanamwita Soli. Kushoto hukaa Wembe, kinyozi wa mlango wa pili. Katikati ni Faili, karani mstaafu wa masjala. Kulia ni Redio, fundi wa redio, ambaye hajazaliwa mtu wa kumzima. Asubuhi hiyo Soli alikuwa anang'oa msumari kwenye kisigino cha buti. Akavuta kwa koleo, msumari ukagoma. Akavuta kwa hasira, ukakubali ghafla. Koleo likamtwanga mdomoni. Jino la mbele likaruka zima zima, na mzizi wake, likatua juu ya aproni.

Na Jumamosi Soli anamwoza binti yake, hotuba ya baba ni yake.

Bahati nzuri mkewe ni mwalimu wa chekechea, watoto wanaanguka kila siku, na somo hilo alishampa mezani mara tatu kwa kidole: jino lishike kwa juu, usiguse mzizi. Usilisugue. Lisuuze kidogo, ulirudishe mahali pake. Likikataa, litie kwenye maziwa. Huna maziwa, libane ndani ya shavu lako, na usilimeze kama ulivyomeza kifungo. Kisha mbio kwa daktari wa meno kabla saa nzima haijapita. Basi Soli akalisuuza kwa maji ya chupa, akajaribu kulirudisha, likakataa, akalibana shavuni. Akauma kitambaa safi kuzuia damu. Akainuka aende zake. Wenzake, waliokuwa wameinamia birika la kahawa, wakageuka na kumketisha.

— Kaa, kaka, utaanguka, alisema Wembe. Wala usiongee. Damu ni kazi yangu mimi.

— Damu ya wateja wako, alisema Faili.

— Dukani nina spiriti. Anasukutua mara moja tu.

— Umuue? Fizi inataka kidonge cha maumivu. Unakisaga, unakipaka pale pale. Mimi nilishakipaka.

— Ikawaje?

— Fizi ikababuka wiki nzima. Lakini jino nililisahau kabisa.

Soli akatikisa kichwa kwa nguvu, akagonga shavu lake kwa kidole.

— Mnaona? alisema Wembe. Shavu limeshavimba. Sumu inapanda.

Hadi hapo Redio alikuwa anapuliza kahawa. Akakitua kikombe.

— Nyie mnatibu damu. Damu itakauka yenyewe. Shida ni pengo. Jumamosi huyu atasema "wageni waalikwa", nusu itoke kwa mluzi. Na dawa anayo mwenyewe.

Akanyanyua kopo la gundi ya viatu.

— Hii inashika soli inayotembea kutwa nzima kwenye mawe. Itashindwa na jino linalokaa pale pale?

Hoja ilikuwa nzito. Hata Soli, Mungu amsamehe, aliifikiria kidogo.

— Gundi ni sumu, alisema Faili.

— Kwa anayeila. Wewe umeshakula jino lako?

Raundi ya pili ya kahawa ikamiminwa.

— Mimi nina kitana cheupe, alisema Wembe. Navunja kijino kimoja, nakichonga, nakipachika. Picha zinapigwa, nani atajua?

— Maneno yatatoka yamechanwa, alisema Faili.

— Afadhali. Hotuba zake zina vifundo.

Soli alitazama saa ya ukutani katika duka la Wembe. Nusu saa ilikuwa imeyeyuka. Akilini alimwona binti yake amevaa shela, akimwona baba yake ameziba mdomo kwa karatasi ya hotuba. Akanyanyua makalio kutoka kwenye kigoda.

— Tulieni niwaambie siri ya ufundi, alisema Redio. Jino ni antena.

Soli akakaa.

— Ukinywa maji baridi, jino linauma, sikio linauma, jicho linatoa machozi. Kwa nini? Ni laini moja. Tukimwekea shaba pale, Jumamosi hahitaji hata kipaza sauti. Tena jioni atapata taarifa ya habari.

— Bila kulipia leseni, alisema Faili, na hapo akawa ameshaamini.

Raundi ya tatu ilikuwa mikononi alipofika dada mmoja, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

— Habari zenu, wazee.

— Fundi hapokei kazi, mwanangu, alisema Wembe. Jino limemng'oka, tunamtibu.

— Poleni. Na jino lenyewe liko wapi?

Wembe alimtazama Faili. Faili aliinama chini ya benchi. Redio alichungulia ndani ya kopo la gundi. Raundi tatu za kahawa, na hakuna aliyekuwa ameliona.

Soli akavuta shavu kwa kidole. Lilikuwepo.

Dada akaenda akichechemea kwa mama wa chai, akarudi na maziwa baridi nusu kikombe. Jino likaingia kikombeni, Soli akapanda nyuma ya pikipiki ya Redio, kikombe kifuani. Dakika ya hamsini daktari wa meno alikuwa ameshavaa glovu. Alilirudisha jino, akalifunga kwenye meno ya jirani, akaagiza uji na vyakula laini kwa wiki mbili, na hotuba iwe fupi. Jumamosi, agizo hilo la mwisho wageni walilipigia makofi.

Jumatatu, benchini, Redio alikuwa bado ana kinyongo kwa lawama za kumchelewesha Soli.

— Soli, ulikuwa na miguu yako miwili, na sisi wote watatu tuna magoti mabovu. Kwa nini hukuondoka?

Soli alijibu polepole, kwa upande mmoja wa mdomo.

— Kosa ni langu, ndugu zangu. Nilishanyanyuka. Halafu ukasema jino ni antena, nikaona nikiondoka sasa, nitaozesha mtoto bila kujua hadithi hiyo imeishia wapi.