Uzi Mwekundu wa Bi. Mbinya Muindi

Bi. Mbinya Muindi anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu katika utumishi wa mahakama. Alianza Kitui kama mpiga chapa, kisha akahamishiwa masijala ya jinai hapa Makueni. Amewapokea mahakimu kumi na wanane na kuwaaga wote. Wa mwisho aliondoka mwezi uliopita, na kiti bado ni kitupu.

Mawakili wanamwogopa kidogo. Mmoja alipokuja kuomba kesi iahirishwe mara ya tano, Bi. Mbinya alimwuliza, "Wakili, na chakula cha mchana umeahirisha?" Kisha akamtafutia fomu.

Wengi tunamjua kwa uzi. Kwao Mbooni kuna baridi, naye hufuma sweta. Kwa mabaki ya sufu nyekundu alianzisha desturi yake: faili ya kila mshtakiwa aliye rumande hufungwa uzi, na kila Ijumaa faili hizo hupanda kwa hakimu kabla ya nyingine, ili mtu aulize kwa nini huyu bado yuko ndani. Hakimu akitoa dhamana, Bi. Mbinya huukata uzi kwa mkasi wake, sote tukiangalia, halafu tunakunywa chai.

Ameniagiza niandike na kosa lake. Nilisita, kwa sababu hii ni programu ya sherehe. Akasema, "Andika, mwanangu. Ukiweka mazuri peke yake watadhani nimekufa."

Mohamedamin Deeq, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Makindu, alishtakiwa kupata pesa za chama cha wafugaji kwa udanganyifu. Alipewa dhamana: milioni mbili, na mdhamini mwenye hati ya shamba. Bi. Mbinya akaukata uzi. Tulikunywa chai. Mimi ndiye niliyerudisha faili kabatini.

Hakuna aliyetoka. Mohamedamin hana shamba, na watu wa huku hawampi hati yao mtu wasiyemjua ukoo. Kwenye karatasi alikuwa na dhamana, kwa hiyo faili yake haikupanda tena Ijumaa. Mpelelezi alihamishwa, shahidi wa benki hakufika, kesi ikaahirishwa mara tisa. Miezi kumi na minne ikapita. Kama alizila pesa hizo au hakuzila, sijui. Hakuna shahidi hata mmoja aliyesikilizwa.

Tulijua siku mkewe, Intisar, aliposimama dirishani petu na nakala ya uamuzi mkononi.

"Mama, hapa imeandikwa amepewa dhamana," alimwambia Bi. Mbinya. "Sasa nani huyu ninampelekea sabuni?"

Bi. Mbinya aliinuka. Alimfungulia mlango, akampa kiti chake mwenyewe, akafungua kabati. Mchana ule alifunga uzi upya kwa faili hiyo na nyingine sita zilizofanana nayo. Tangu hapo uzi haukatwi dhamana ikitolewa. Hukatwa gereza likituthibitishia kwamba mtu ametoka.

Watu watano wameshatoka, masharti yao yakiwa yamepunguzwa. Wa sita aliugua akafa kabla ya siku yake. Ombi la Mohamedamin la kupunguziwa masharti limepangwa Alhamisi ijayo, siku tatu baada ya Bi. Mbinya kuondoka. Limeahirishwa mara mbili tayari. Faili itakuwa juu kabisa ya meza, nimeiangalia leo asubuhi na nitaiangalia tena jioni, lakini hatujaambiwa kama kutakuwa na hakimu wa kuifungua. Intisar amepiga simu mara nne wiki hii kuuliza. Nimekuwa nikimwambia aje tu.

Mengine ya Bi. Mbinya mnayajua: sweta alizowafumia watoto wa wenzetu, na sauti yake ikimwita kwa jina lake halisi mtu aliyekosewa jina kwenye orodha. Hajawahi kumwambia mtu "rudi kesho" bila kumwambia saa ngapi.

Ametukabidhi funguo, daftari na madonge manne ya uzi. Mkasi amebaki nao. Nilipomkumbusha alisema, "Huo nitauleta mwenyewe, siku Mohamedamin atakapopita lango kwa miguu yake."

Asante, Bi. Mbinya, kwa miaka yote. Tunakutakia afya njema, mvua ya kutosha kwa maharagwe yako Mbooni, na safari moja tu ya kurudi huku, ukiwa na mkasi.