Chumba cha Madirisha Mawili, Kila Kitu Ndani

Benchi la mtaa wa Karaburma liko kati ya kibanda cha magazeti na nguzo ya umeme, na kuanzia saa tatu asubuhi lina wenyewe. Mama Slavka hushuka na birika lake la shaba na vikombe vitatu. Gvozden huitwa Daktari, kwa kuwa miaka ishirini aliendesha gari la kupeleka shuka za hospitali kufuliwa. Wa tatu ni Milutin, mtu wa miaka hamsini na moja, ambaye tangu talaka analala kwenye kochi jikoni kwa dada yake. Kila alfajiri shemeji yake hukaanga mayai juu ya kichwa chake, na si kwamba anamkaangia yeye. Asubuhi hiyo ya Oktoba Milutin alikuwa na jambo zito: tangazo lililobandikwa pale nguzoni. Chumba kimoja, ghorofa ya nne, jengo la ng'ambo ya barabara; maji, umeme, joto la mabomba ya kupasha nyumba wakati wa baridi, takataka, vyote ndani ya kodi. Alikuwa ameshakwenda kukiona, akakipenda mpaka akaona haya. Mwenye nyumba yuko kulekule juu akifagia, anangoja jibu kabla ya saa sita.

Angekuwa na akili angepanda kulitoa jibu hilo. Yeye akaja kuomba ushauri.

— Kila kitu ndani? — akauliza Mama Slavka. — Mwanangu, hata kaburini udongo unalipia mwenyewe.

— Anasema hataki usumbufu wa bili, mama.

— Kina madirisha mangapi? — akaingilia Daktari.

Milutin akajibu kwamba ni mawili, moja la barabarani, jingine la uani, yanatazamana. Hapo Mama Slavka akaweka kikombe chini. Kila mtu mjini humo anajua upepo unaoingia dirisha hili na kutokea lile: ndio unaopinda shingo, unaong'oa meno, unaoharibu figo. Watu wamepita vitani wakarudi wazima, kisha wakamalizwa na mlango ulioachwa wazi.

— Basi nimeshaelewa, — akasema Daktari. — Joto la mabomba linawaka mpaka Aprili, sivyo? Na analilipia mwenye nyumba.

— Ndiyo.

— Analilipia kwa sababu anajua mpangaji hafiki Februari.

Mama Slavka akapiga ishara ya msalaba, kisha akaongeza sukari. Alimkumbuka binamu yake wa mji wa Niš aliyekaa katikati ya madirisha mawili akila supu; kijiko kilifika mdomoni, yeye hakufika. Daktari akapandisha shati, akaonyesha fulana ya sufi iliyochomekwa hadi mapajani.

— Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana mimi navaa mbili.

— Na mpanda ngazi hushuka, — akasema Mama Slavka. — Hasa huko, maana hakuna lifti. Watakushusha wanne, na jeneza begani.

Ilipofika saa tano, kwa maneno yao mwenye nyumba alikuwa ameshazika wapangaji sita, na mmoja wao, kwa mujibu wa Daktari, alikuwa bondia. Milutin alicheka nao, lakini moyo ulimuuma. Alikitaka kile chumba. Alitaka mlango ambao akiufunga hakuna wa kuugonga akitafuta kikaango. Ila shingo nayo ilikuwa imeanza kukaza, na upepo wenyewe hakuna.

Mwanamke mmoja mwenye sanduku alikuwa amesimama nguzoni akisoma tangazo, mkate umo kwapani. Alijitaja kwa adabu: Teodora, anatoka Užice, Jumatatu anaanza kazi katika kiwanda cha mikate. Akauliza chumba kina ubaya gani, maana amewasikia tangu kibandani. Wakamweleza kwa zamu, upepo, joto, Februari, bondia. Akawasikiliza mpaka mwisho.

— Samahanini wazee wangu, — akasema. — Kwani mtu akifunga dirisha moja?

Daktari akatazama kikombe chake. Mama Slavka akainua birika, akalikuta tupu.

Teodora akashukuru, akavuka barabara na sanduku lake. Milutin alijua sasa ndiyo saa ya kukimbia, kumpita ngazini, kusema nakichukua. Akabaki amekaa benchini. Haukupita muda, ghorofa ya nne, mkono ukatokea ukavuta dirisha la barabarani, nalo likafungika.

— Mpe hadi Februari, — akasema Daktari.

— Mkono mmoja, — akasema Milutin. Akakisukuma kikombe chake kwa hasira. — Umeona, Daktari? Amelifunga kwa mkono mmoja.