Mikono ya Mama Brigitte Langoni

Mama Brigitte Musonda, ambaye tumemsindikiza leo tukiwa tumesimama mbali mbali, kila mtu na nafasi yake, alizaliwa Kipushi tarehe 14 Machi 1961. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mgodi, na katika familia ile alikuwa mtoto wa pili, nyuma ya kaka yake Constantin. Majuma mawili yaliyopita alikuwa akiimba. Sisi wa nyumbani bado hatuamini.

Alisoma shule ya msingi Kipushi, kisha akaja Lubumbashi kwa masista, akapata diploma yake mwaka 1980. Alifundisha darasa la kwanza mpaka mwaka 1991, nchi ilipoanguka na mishahara ikakatika. Hakukaa kulalamika. Aliingia sokoni kuuza unga wa mahindi, na kwa unga huo aliwasomesha watoto wake, hata huyu Elisée anayesoma maneno haya, mpaka chuo kikuu.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na Rigobert, mfanyakazi wa reli, aliyetangulia mwaka 2014. Walijaliwa Abigaïl, Elisée na Glodie. Glodie, kitinda mimba, alizaliwa na damu ya SS, ugonjwa wa selimundu. Baridi kidogo au homa kidogo humwangusha kitandani.

Mtaa wetu wa Hewa Bora wote ulimjua kwa mwiko wake. Palipokuwa na matanga, Mama Brigitte ndiye aliyesonga bukari, ugali wetu, ya waombolezaji katika sufuria kubwa. Mwanaume akichungulia jikoni kuuliza chakula, alimwambia, "Papa, kama unajua kusonga, kamata mwiko. Kama haujue, enda kulia na benzako." Watu walicheka, hata wenye msiba.

Ugonjwa huu wa kifua, korona, ulipoingia mjini, mwanamke huyo huyo aliacha kwenda matanga. Nyumbani alikuwa na Glodie. Alikuwa pia na Constantin, ambaye vumbi la mgodi lilimharibia mapafu, anayepumzika kila akitoka chumbani kwenda uani. Mama aliwaweka wawili hao ndani, akafunga lango, akaweka ndoo ya maji na sabuni nje. Wageni walizungumza kupitia dirisha la barabarani. Majirani walisema amekuwa na kiburi.

Mwezi wa sita shemeji yake Paulin, ndugu wa Rigobert, alifariki kwa kikohozi. Mama alipeleka unga na makaa, lakini yeye hakwenda. Kwetu, asiyetoa mkono matangani hutiliwa mashaka kwamba ndiye aliyemla marehemu kwa uchawi. Lazima lisemwe hapa, mbele ya jeneza: neno hilo lilisemwa juu yake.

Jumapili tarehe 27 Juni, wakwe walikuja wote langoni, wengine wakikohoa. Mkubwa wao, Papa Edouard, alisema, "Brigitte, ndugu yetu tumemuzika bila wewe. Uko natuona sisi ni bugonjwa?"

"Hapana, shemeji. Iko kikohozi, na Glodie iko mule ndani."

"Basi fungua, tuingie tulie pamoja. Ao uko na kitu unaficha?"

Mama alitoka, akalivuta lango nyuma yake, akasimama mbele ya lango hilo. "Munataka mikono? Hii hapa mikono. Lakini mulango, hapana."

Akawapa mkono wote, mmoja baada ya mwingine. Waliotaka kumkumbatia, akawakumbatia. Alimlilia Paulin pamoja nao kwa dhati, kwa maana alimpenda. Walipoondoka, hakurudi ndani. Aliita kupitia dirisha, "Glodie, funga. Hata mimi nikigonga, usifungue." Akaenda kulala sokoni, katika chumba chake cha unga.

Alijua. Hakuna anayeweza kutuambia kwamba hakujua.

Siku chache baadaye homa ilimshika. Hospitalini oksijeni ilikuwa imekwisha. Elisée na Abigaïl walizunguka mji mzima wakitafuta chupa. Mama aliuliza jambo moja tu: "Glodie anakohoa?" Wakamjibu hapana. Alifariki Jumamosi tarehe 10 Julai 2021, asubuhi. Glodie hakohoi. Constantin hakohoi.

Jana Papa Edouard alikuja na mikeka ya matanga. Tulidhani ataomba kuingia. Aliitandika mwenyewe nje ya lango, mkeka mbali na mkeka, akaweka maji katika ndoo, akaketi chini. Basi na tufanye hivyo sote. Leo hakuna kupeana mikono, na hakuna atakayeitwa mchawi. Anayetaka kumpa Glodie pole asimame barabarani aseme kwa sauti. Yuko dirishani, atasikia.

Mama Brigitte ameacha watoto watatu, wajukuu wanne, kaka yake Constantin, na wakwe zake, ambao tunawahesabu pia.

Mikono ile imechoka, Mungu aipokee. Pumzika kwa amani, Mama. Lango limefungwa.