Honi Imekosa Athi

Benchi ni yangu, lakini wanaoikalia wanadhani ni ya serikali. Iko hapa Kimumu, kando ya duka la chakula cha kuku, na mimi Tabby nauzia watu kahawa mbele yake kuanzia asubuhi. Kuna Phineas, karani mstaafu, tunamwita Hansard, kama ile rekodi ya bunge, kwa sababu hakuna neno ambalo hajawahi kulisikia na kulielewa vibaya. Kuna Kituyi, tunamwita Injinia. Siku moja alimshikia fundi tochi, na tangu hapo hajakubali kwamba kuna kitu hajui. Asubuhi hiyo ya baridi, pickup nzee ya Wamalwa ilikuwa imesimama mbele yetu, boneti juu, mitungi ya maziwa nyuma ikiwa mitupu. Wamalwa huchukua maziwa ya wakulima kule kijiji cha Ziwa. Boma ziko ndani, mbali na barabara, kwa hivyo akifika kwa geti anapiga honi, mbili fupi na moja refu, na watu wanatoka na mitungi. Siku hiyo honi ilikataa kulia, na hakuna mtu alitoka.

INJINIA: Ni fyuzi.

WAMALWA: Fyuzi nimebadilisha.

INJINIA: Basi ni ile fyuzi ingine.

MIMI: Ingine gani?

INJINIA: Tabby, wewe shughulika na kahawa.

HANSARD: Lakini Wamalwa, si ungeita tu kwa geti? Mdomo unao.

WAMALWA: Mzee, alfajiri, ukungu hivi, mtu wa kuja kama mimi, wa Bungoma, asimame kwa geti ya watu akipiga nduru? Watatoka na mbwa, si na maziwa.

Niliona hajagusa kikombe chake, na Wamalwa si mtu wa kuacha kahawa ipoe. Nikamuuliza kama kuna kingine.

WAMALWA: Nikigeuza gari niliona pickup mpya nyeupe, ya mnunuzi mwingine wa maziwa, ikitoka kwa njia ya Mama Jemutai. Huyo mama ndiye alinipa mtungi wa kwanza, wakati hakuna mtu Ziwa alinijua. Akaenda boma kwa boma akiwaambia majirani, huyu kijana mpeni. Sasa kama hata yeye amehama, wengine watabaki aje? Kazi imeisha.

MIMI: Umempigia?

WAMALWA: Simu nimezima. Sitaki kuambiwa kwaheri.

Injinia akaona hapo ni kupiga simu kwa Lenny, fundi wetu. Akaiweka kwa spika ili tusikie wote. Netiweki ilikuwa inakuja na kutoroka. "Hiyo honi imekosa athi," Lenny akasema. "Angalieni athi tu." Halafu simu ya Injinia ikazima, kama kawaida yake.

HANSARD: Athi ni mto. Gari imeingia maji.

INJINIA: Mto uko Ukambani, gari iko Kimumu. Itaingiaje maji?

HANSARD: Basi alisema ardhi. Huyo Lenny anameza herufi. Honi imekosa ardhi.

INJINIA: Hapo sasa umeongea. Hii gari imesimama juu ya nini? Tairi. Na tairi ni mpira. Tangu itengenezwe haijawahi kugusa chini.

MIMI: Na zile zingine zinatembea kwa magoti?

INJINIA: Zile ni za kisasa, zinagusa kwa kompyuta.

HANSARD: Hujaona lori za mafuta zikivuta cheni barabarani? Hiyo cheni inatafuta ardhi. Tena Wamalwa, hii gari ulinunua wapi?

WAMALWA: Nakuru.

HANSARD: Na kabla ya Nakuru?

WAMALWA: Nairobi.

HANSARD: Umeona? Imehamahama mpaka haijui kwao ni wapi. Udongo wa huku haijauzoea, itatoa sauti aje?

Wamalwa akacheka, lakini kicheko cha mtu amechoka.

WAMALWA: Mimi pia nimehamahama, Mzee. Sina ardhi hapa hata ya kupanda sukuma. Mbona sauti ninayo?

Hansard ametoka Vihiga, Injinia Webuye, mimi Busia, na sisi wote tunapanga nyumba. Niliona Hansard ameguswa, kwa maana alivua kofia na kuivaa tena.

HANSARD: Basi leo gari ipewe ardhi yake. Injinia, leta waya.

Injinia akaleta waya na msumari mrefu. Akafunga waya kwa kile chuma cha kushikilia honi, ambacho kutu ilikuwa imekula kabisa. Ili waya isicheze, akaizungusha kwa nati ya bampa na kuikaza na spana. Mwisho wa waya akaufunga kwa msumari, na msumari akaugonga na jiwe ukaingia kwa udongo kando ya jiko langu. Hansard akamwaga kahawa yake hapo ati udongo ushike vizuri. Nikamwambia kikombe kingine ajitafutie.

Wamalwa alikuwa ameingia ndani ya gari kujaribu honi, na hapo bodaboda ikasimama. Akashuka Naomi, binti ya Mama Jemutai, na gambuti zake za shamba; kwao wanajua Wamalwa hupitia hapa kwangu. Alikuja mbio, mguu ukanasa kwa waya, msumari ukang'oka, na hata hakuangalia chini. Alienda moja kwa moja kwa dirisha la dereva.

NAOMI: Wamalwa, uko mzima?

Wamalwa akashusha kioo mpaka chini.

NAOMI: Nakuuliza, uko mzima? Mama amengoja honi mpaka jua ikatoka. Anasema hujawahi kukosa, kwa hivyo ni ajali ama ni ugonjwa. Hata chai amekataa.

WAMALWA: Na ile gari nyeupe?

NAOMI: Ilikuja mpaka kwa mlango. Mama akawaambia hiyo maziwa iko na mwenyewe. Tumeweka mitungi kwa maji baridi, yetu na ya majirani. Na wewe umezima simu.

Akapigia mamake, akaweka spika, akashika simu kwa dirisha.

JEMUTAI: Wamalwa? Mwanangu, uko mzima?

Asubuhi yote tulikuwa tumeuliza honi ina shida gani, na hakuna mmoja wetu alikuwa amemuuliza kama yeye yuko mzima. Nilisikia aibu. Wamalwa akafungua mdomo, sauti ikakataa, macho yakajaa machozi. Mkono wake ukaenda wenyewe kwa stering'i.

Mbili fupi, moja refu.

Hansard aliruka kutoka kwa benchi. Kwa simu tukamsikia mama akishusha pumzi.

JEMUTAI: Ni yeye. Mwambie aje, geti iko wazi.

WAMALWA: Asante, Mama. Asante sana. Nakuja.

Akasema asante mara nyingi, kwake, kwa Naomi, kwetu, hata kwa mwenye bodaboda, ambaye hakuwa anajua amefanya nini. Kahawa yake ilikuwa imepoa. Akaimaliza yote akiwa amesimama.

HANSARD: Si niliwaambia ni ardhi?

Naomi akaokota ule msumari, waya ikining'inia.

NAOMI: Na hii ilikuwa ya nini?

Hansard akaangalia msumari, akaangalia udongo. Injinia akafuata waya na kidole mpaka kwa nati ya bampa, akabaki hapo ameinama. "Kumbe athi ni waya ya honi kushika tu chuma ya gari," akasema polepole. Kisha akakata waya iliyozidi bila kuuliza mtu. Mimi nilishika birika niwamiminie, nikakuta kahawa imeisha.

Wamalwa akaondoka na Naomi kando yake. Akifika kwa kona ya kwenda Ziwa, ambapo hakuna geti wala mtu wa maziwa, akapiga tena, mbili fupi na moja refu. Hiyo ilikuwa yetu.